Nafasi ya Saba: Msimu Ambao Emma Hayes Hakupigwa Kalamu

Msimu wa mwaka 2013 wa Ligi Kuu ya Wanawake ya Uingereza ulipomalizika, Chelsea walikuwa nafasi ya saba katika ligi ya timu nane. Kocha wao, Emma Hayes, alikuwa anakaribia kutimiza miaka 37, alikuwa amekaa na timu hiyo kwa muda uliozidi mwaka mmoja kidogo tu, na miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ametimuliwa na klabu ya Chicago Red Stars nchini Marekani. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya klabu anajua jinsi faili ya namna hiyo inavyosomwa: aliwahi kufutwa, sasa yuko karibu na mkia, na hajawahi kutwaa taji la ligi kuu akiwa kocha mkuu. Hakufutwa. Aliendelea kuifundisha Chelsea hadi Mei 2024, akaondoka na mataji saba ya ligi na matano ya Kombe la FA, na miezi mitatu baadaye akaipa Marekani dhahabu ya Olimpiki jijini Paris.

Mataji hayo yanajulikana na sina haja ya kuyahesabu upya. Ninachokichambua hapa ni kipindi kimoja kifupi, kati ya mwisho wa msimu wa 2013 na mwanzo wa msimu wa 2014, wakati ambapo hakuna aliyejua yatakayofuata. Uamuzi wa kumbakiza kocha hupimwa kwa yale yaliyoonekana siku ulipofanywa. Ukiupima kwa vikombe vilivyopatikana miaka kumi baadaye, unakuwa hujaupima.

Nina sababu ya kukichagua kisa hiki. Kwa misimu minne nilikuwa katibu wa kamati ya klabu moja ya wanawake hapa Nairobi, timu ya Eastlands iliyofanya mazoezi jioni kwenye uwanja wa vumbi, baada ya watoto wa shule kuondoka na kabla ya giza kuingia. Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, tukiwa kwenye viti vya plastiki nyuma ya goli, tulipiga kura ya kumwondoa kocha wetu, mwanamke aliyekuwa na sisi kwa msimu mmoja na nusu. Tulikuwa tumecheza mechi tisa na tulikuwa wa pili kutoka mkiani. Mjadala wake ulichukua muda mfupi kuliko ule uliotangulia, ambao ulihusu nauli ya safari ya Kakamega. Niliinua mkono kuunga mkono hoja hiyo, na tangu siku hiyo sijaacha kuufikiria mkono ule.

Turudi kwa Hayes, tuanze na njia iliyomfikisha Chelsea, maana haikuwa njia iliyonyooka. Alizaliwa Camden, London, mwaka 1976, akakulia katika kikosi cha vijana cha Arsenal, kisha akiwa na miaka 17 akaumia kifundo cha mguu katika safari ya kuteleza kwenye theluji na ndoto ya kucheza ikaishia hapo. Alisoma chuo kikuu Liverpool, na mwaka 2001 akavuka bahari kwenda Marekani, ambako kulikuwa na kazi za kufundisha wanawake kuliko kwao. Alianza na Long Island Lady Riders, akahamia timu ya chuo cha Iona katika jimbo la New York, kisha mwaka 2006 akarudi London kuwa msaidizi wa Vic Akers pale Arsenal. Msimu wa 2006/07 Arsenal ile ilitwaa kila kombe iliyoshindania, pamoja na la Ulaya. Naomba msomaji aikumbuke hatua hii ya usaidizi. Alikuwa amekwisha kuwa kocha mkuu ng'ambo, akakubali kurudi kukaa kiti cha pili ili ajifunze kwa mtu aliyekuwa akishinda.

Mwaka 2008 Chicago walimwita kujenga timu mpya kwa ajili ya ligi mpya ya kulipwa iliyoanza 2009. Alimchagua Megan Rapinoe, aliyekuja kuwa nyota wa timu ya taifa ya Marekani, akiwa chaguo la pili kwa wachezaji wote waliotoka vyuoni mwaka ule, na historia imeonyesha kwamba jicho lake halikukosea. Hata hivyo timu haikufika hatua ya mtoano msimu wa kwanza, na Mei 2010, msimu wa pili ukiwa umeanza vibaya, alipigwa kalamu. Ligi yenyewe ilisimama mwanzoni mwa mwaka 2012 na haikurudi. Kwa hivyo ukiisoma barua ya kufutwa kwake bila kuisoma hali ya ligi ile, iliyokuwa ikipoteza klabu mwaka hadi mwaka kwa kukosa fedha, utadhani unasoma habari za kocha mbovu. Ilikuwa habari ya klabu changa iliyotaka matokeo kabla msingi haujakauka.

Baada ya Chicago alifanya kazi ya mkurugenzi wa ufundi wa Western New York Flash, waliotwaa taji la ligi hiyohiyo mwaka 2011, lakini pia alirudi nyumbani na kufanya kazi katika biashara ya familia yake ya kubadilisha fedha za kigeni jijini London. Hapa napenda kukaa kidogo. Huku kwetu kocha wa kike aliyeachishwa hurudi kwenye duka la M-Pesa la dada yake, au kwenye kibanda cha nguo Gikomba, na watu wa kandanda humwona hapo wakampita wakisema, "Yule aliwahi kufundisha." Wakati uliopita katika kitenzi hicho ndio unaoua kazi. Hayes alikaa kwenye kaunta ya familia na bado alihesabiwa kuwa kocha. Chelsea walipomtafuta mwaka 2012 hawakumtafuta mtu aliyewahi kufundisha. Walimtafuta kocha ambaye kwa wakati huo hakuwa na timu.

Kocha mwanaume anayefutwa hapa Nairobi mara nyingi huibuka klabu nyingine kabla ya mwezi kuisha. Hili si jambo la Kenya pekee. Katika Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2023, timu 12 tu kati ya 32 zilikuwa na makocha wakuu wanawake, na hayo ni mashindano ambayo wachezaji wote ni wanawake. Nafasi zikiwa chache kiasi hicho, kufutwa mara moja humgharimu mwanamke zaidi, na kufutwa mara mbili mfululizo kungemgharimu Hayes pengine kazi yote. Ndiyo maana nafasi ya saba ya mwaka 2013 ina uzito kuliko mataji mengi yaliyoifuata.

Sasa tuutazame mwaka wenyewe. Hayes alichukua timu Agosti 2012, msimu ukiwa katikati, kwa kuwa wakati huo ligi ya wanawake ya Uingereza ilichezwa kuanzia majira ya kuchipua hadi mwanzo wa vuli. Alikirithi kikosi, hakukichagua. Wachezaji wengi wa ligi ile walikuwa na kazi nyingine au masomo, kwa sababu ligi ilikuja kuwa ya kulipwa kikamilifu mwaka 2018 tu, miaka mitano baadaye. Chelsea walichezea mechi zao za nyumbani Staines, nje ya London, mbali na Stamford Bridge kwa kila maana ya neno umbali. Msimu wa 2012 walimaliza wa sita. Msimu wa 2013, uliokuwa wake tangu siku ya kwanza, walimaliza wa saba. Kwa hesabu ya jedwali, timu ilikuwa imerudi nyuma chini ya mikono yake.

Kuna jambo moja lililoifanya nafasi ya saba isiwe hukumu, na naona wanaosimulia habari za Hayes hulipita haraka. Mwaka huohuo chama cha soka cha Uingereza kilikuwa kinaipanga upya ligi kwa njia ya leseni. Daraja la pili lilikuwa linaanzishwa kwa msimu wa 2014, na nafasi za daraja la juu ziligawanywa kwa kuangalia uwezo wa klabu, si kwa matokeo ya uwanjani. Doncaster Belles, klabu ya tangu mwaka 1969 na mojawapo ya nguzo za soka ya wanawake nchini humo, waliarifiwa wakiwa wamecheza mechi moja tu ya msimu kwamba wangeshushwa hata wakishinda zote zilizobaki, na nafasi yao ikapewa Manchester City. Uamuzi ule uliwaumiza Belles, na mimi nauona kuwa dhuluma kwa timu iliyobeba mchezo huo miaka mingi bila fedha za mtu. Lakini kwa Chelsea ulikuwa na maana nyingine: leseni yao ilikuwa salama, kwa hivyo kumaliza wa saba kulikuwa aibu bila kuwa janga. Klabu haikuwa na sababu ya kufanya uamuzi kwa hofu.

Hofu ndiyo iliyotuamulia sisi. Tulipokuwa wa pili kutoka mkiani tuliona daraja la chini likitukaribia, na mwanachama mmoja wa kamati akasema kwamba mfadhili hatatoa hata shilingi kwa timu iliyoshuka. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Pia haikumhusu kocha hata kidogo, kwa maana hakuna aliyeeleza ni vipi kumwondoa kungeleta alama. Tulitaka kuonekana tumefanya jambo, na kumwondoa kocha lilikuwa jambo pekee ambalo kamati ingeweza kulifanya bila kutumia pesa.

Jambo la pili katika kisa cha Chelsea ni majira ya baridi. Ligi ilipokwisha, Hayes alikuwa na miezi kadhaa kabla ya msimu wa 2014, na aliitumia kukijenga kikosi upya. Alimleta Katie Chapman, kiungo mkomavu, mama wa watoto watatu. Alimleta beki Gilly Flaherty kutoka Arsenal. Na kutoka Japani alimsajili Ji So-yun, msichana wa Korea Kusini aliyekuwa na miaka 22, mfupi wa kimo, mwenye miguu miwili inayoelewa mpira kwa usawa, ambaye ligi ya Uingereza haikuwa imepata mchezaji wa taifa lake kabla yake.

Chapman ananigusa zaidi ya wengine. Mwaka 2010 alikuwa amevuka bahari kwenda kuichezea Chicago Red Stars, timu ileile iliyomtimua Hayes mwaka uleule. Yaani mchezaji aliyemwona kocha huyu akianguka, aliyekuwepo chumba cha kubadilishia nguo katika wiki zake mbaya kabisa, ndiye aliyekubali kumfuata tena akiwa nafasi ya saba. Kamati inayotaka kujua thamani ya kocha ina ushahidi wa namna hii bila gharama: waulize wachezaji waliopoteza naye kama wangecheza tena chini yake. Sisi hatukumwuliza hata mchezaji mmoja. Nahodha wetu alikuwa akikusanya koni upande wa pili wa uwanja tulipokuwa tunapiga kura, na hakuna aliyemwita.

Msimu wa 2014 ulikwenda hadi siku ya mwisho Chelsea wakiwa kileleni. Ushindi ugenini dhidi ya Manchester City ungewapa taji, lakini wakafungwa 2-1, na Liverpool wakatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Kutoka nafasi ya saba hadi kukosa taji kwa tofauti ya mabao katika mwaka mmoja ni maendeleo makubwa, lakini nawajua watu ambao wangemfuta kwa hilo pia, wakisema kwamba ameshindwa mechi iliyokuwa na maana. Alibaki. Tarehe 1 Agosti 2015, fainali ya Kombe la FA la wanawake ilichezwa Wembley kwa mara ya kwanza mbele ya watazamaji 30,710, na Ji So-yun akafunga bao pekee dhidi ya Notts County. Oktoba mwaka huo waliifunga Sunderland 4-0 na kutwaa ligi. Ni miaka miwili tangu nafasi ya saba.

Kuna pingamizi ambalo nimelisikia kila nilipokieleza kisa hiki, na ni pingamizi zito. Chelsea walikuwa na fedha. Klabu yenye tajiri inaweza kuvumilia, na inaweza kumsajili Ji So-yun kutoka Japani, ilhali klabu ya Eastlands haiwezi hata kumlipia mchezaji kitanda cha hospitali akivunjika. Sitalipuuza. Katika ligi yetu ya wanawake timu za taasisi, kama zile za polisi, za jeshi na za vyuo, zinaweza kumpa kocha mshahara na mchezaji kazi, na timu za mitaani huishi kwa mfuko wa mtu mmoja au wawili. Uvumilivu wa Chelsea uliegemea akiba ambayo sisi hatuna.

Lakini nikitenga yote yaliyotaka fedha, bado yanabaki mengi. Kuandika mkataba hakutaki fedha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, inataka anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28, na inataka mfanyakazi asikilizwe kabla ya kuachishwa kwa sababu ya utendaji wake. Kocha wetu hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na ahadi, posho iliyoingia kwenye simu pale mfadhili alipokumbuka, na funguo za stoo. Aliarifiwa kwa simu jioni ileile na mwenyekiti, akiwa njiani kwenye matatu. Kama tungelazimika kumpa notisi ya siku 28 na kumsikiliza, wiki hizo nne zingetupa sisi wenyewe nafasi ya kufikiri. Watu husema mkataba humlinda kocha. Mimi naamini unailinda kamati dhidi ya hasira yake yenyewe.

Kukubaliana mapema juu ya kitakachopimwa hakutaki fedha pia. Tulipomwajiri hatukumwambia tunataka nini mbali na "matokeo". Hatukuandika kwamba msimu wa kwanza ni wa kukusanya wachezaji, wala kwamba tunataka wasichana wangapi wa chini ya miaka 20 wapewe dakika. Kwa kukosa kipimo kingine, jedwali likawa kipimo pekee, na jedwali baada ya mechi tisa halisemi mengi. Katika mechi hizo tulicheza nne bila kipa wetu wa kwanza, aliyekuwa na mtihani wa chuo, na mbili tukiwa na wachezaji wa akiba wawili tu kwa sababu pesa ya nauli ilitosha basi dogo. Mambo hayo yalikuwa kwenye kumbukumbu za kamati, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Ninalisisitiza hili kwa sababu uwezo upo nchini. Mwaka 2024, chini ya Mildred Cheche, wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya kike au ya kiume, kufika fainali za Kombe la Dunia za FIFA, na kule Jamhuri ya Dominika wakaishinda Mexico. Oktoba 2025, Beldine Odemba aliiongoza Harambee Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake, kuitoa Gambia na kufuzu Kombe la Afrika la Wanawake kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2016. Wanawake hawa wawili hawakushuka kutoka mbinguni. Makocha wa namna yao hupita mikononi mwa klabu na kamati, na ni haki kujiuliza wangapi wenye uwezo kama wao waliishia njiani kwa sababu ya kura iliyopigwa Jumamosi jioni.

Kuhusu Hayes, mwisho wa kazi yake Chelsea ulifanana kwa namna ya ajabu na ule mwaka wa 2014. Mei 2024 walifungwa 4-3 na Liverpool, na yeye mwenyewe akasema hadharani kwamba ubingwa umekwenda. Kisha wakaifunga Bristol City 8-0, wakaishinda Tottenham, na tarehe 18 Mei wakaichapa Manchester United 6-0 pale Old Trafford. Taji likapatikana kwa tofauti ya mabao, na safari hii walioachwa walikuwa Manchester City.

Sisi tulimleta kocha mwingine, mwanaume mwenye sauti na koti zuri. Tulimaliza msimu nafasi moja chini ya ile tuliyokuwa nayo siku ya kura, na tukashuka. Sisemi kwamba yule mama angetuokoa. Yawezekana tungeshuka naye pia.

Mwezi wa Februari nilikwenda kuhesabu vifaa stoo. Vizibao vya mazoezi, ambavyo yeye alikuwa akivifua nyumbani kwake kila Jumapili, vilikuwa vimekauka kwa jasho na kuwa vigumu kama turubai. Chini yake kulikuwa na begi alilolirudisha siku aliyoleta funguo, na ndani ya begi daftari la kurasa 96 lenye jalada la kijani. Alikuwa ameandika jina la kila mchezaji, mguu anaoutumia, siku zake za mitihani, nani anaishi na nani, na nani hutoka mazoezini bila kula. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa na kichwa "Januari". Chini yake kulikuwa na wasichana watano wa shule za Dandora, Kayole na Umoja waliokuwa wanamaliza Kidato cha Nne mwezi wa Novemba, na mbele ya kila jina nambari ya simu ya mzazi, nafasi anayocheza, na neno "ameridhia" au "bado". Watatu walikuwa wameridhia.

Hakuna aliyewapigia simu. Wawili kati yao sasa wanacheza ligi kuu, katika klabu nyingine.